Pazia Ndani ya Alfa

Nelson alipiga simu siku ya Alhamisi, mke wake Tusajigwe akiwa anapepeta mchele nyuma ya jiko. Simu aliyoipigia ilikuwa ya mzee Hezroni, baba yake Nelson, naye siku hizi huiweka sauti kubwa kwa sababu haoni tena vitufe. Ukiweka sauti kubwa pale kijijini Bujonde, ujue umeongea na majirani pia.

"Baba, nimepata mtu wa kuichukua Alfa," Nelson alisema kutoka Mbeya. "Ni bwana Vitus, daktari wa mifugo. Anapenda sana magari ya zamani. Jumamosi mchana tunakuja naye na lori la kulibebea."

Nelson akadhani mtandao umekata.

"Baba?"

"Nipo."

"Macho ndiyo hivyo tena. Hospitali wamekukataza usukani. Gari likikaa tu litaoza."

"Litaoza, kweli," mzee akasema. "Kama hapa nyumbani hakuna wa kuliendesha, huyo bwana aje alichukue. Lakini kama yupo, huyo bwana akae kwake."

"Sasa nani yupo, baba? Mimi mwenyewe najua za otomatiki tu."

"Nimesema kama yupo."

Tusajigwe alikuwa amesimamisha ungo. Kuku walikula mchele uliomwagika, wala hakuwafukuza.

Gari lenyewe lilikuwa Alfa Romeo la mwaka sabini na nne, jekundu, fupi, la turubai juu, viti viwili basi. Nyuma ya viti pana kijisehemu kinachotosha tenga moja la samaki, hata mtoto hakai. Mwitaliano mmoja aliyekuja kujenga madaraja ndiye aliyekuwa nalo, na mzee Hezroni, enzi hizo kijana, alikuwa fundi wake. Mwitaliano alipougua na kurudi kwao, alimwachia. Toka hapo mzee alikuwa na kakao kama wengine, na mpunga kama wengine, na gari ambalo hakuna mwingine mwenye nalo. Usukani wake uko kushoto, kwa hiyo dereva anakaa upande wa majani, na abiria ndiye anayekaa katikati ya barabara. Kila Jumamosi mzee alilitoa, akaenda nalo Matema, akarudi. Njia nzima alilisemesha. "Alfa, taratibu." "Alfa, leo una nini wewe?"

Tusajigwe alikuwa ameishi kwenye mji ule wa wakwe zake miaka sita na hajawahi kuligusa. Lakini dirisha la jiko lake linatazama banda la gari, na yeye si mtu wa kupitwa na kitu mbele ya macho yake. Alijua mlio wake likiwa na baridi na mlio wake likiwa na moto. Kabla ya kuolewa alikuwa ameendesha Canter la kaka yake Ezra misimu miwili, akibeba mpunga kutoka Ndandalo mpaka Kyela mjini. Tangu aolewe hakushika usukani wowote. Hamu ilikuwepo, ila hakumwambia mtu. Sasa aliposikia habari ya lori la Jumamosi, alijisikia kama mtu anayeambiwa kwamba mgonjwa wa nyumba hii anahamishwa.

Jioni walikuwa wanamenya ndizi na mama mkwe wake, Elizabeth.

"Mama," Tusajigwe akasema, "mimi nina leseni."

"Ya nini? Ya bodaboda?"

"Ya lori."

Elizabeth akaweka kisu chini. "Wewe mtoto. Miaka sita unapika humu ndani, unaniambia leo?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Leseni ilitoka kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda. Haikuwa imekwisha muda. Alikuwa ameenda kuihuisha mjini siku ya soko, akarudi na chumvi na sabuni, kimya. Elizabeth aliigeuza huku na huku, akaitazama picha, akamtazama mwenye picha.

"Nitamwambia," akasema. "Lakini unajua tatizo liko wapi."

Tusajigwe alijua. Kwa Wanyakyusa wa namna ya mzee Hezroni, mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Mkamwana hatamki jina la mkwe wake, haketi naye, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini na kugeuka pembeni. Neno likiwepo, linapita kwa mama mkwe. Siku hizi wengi wamelegeza, walioko mjini ndiyo kabisa, wanakula meza moja na wanapiga picha pamoja. Lakini mzee alikulia hivyo, na Tusajigwe alitoka kwenye nyumba ya hivyohivyo, kwa hiyo jambo hilo halijawahi kumsumbua mtu. Halijawahi kukutana na gari la viti viwili.

Ijumaa asubuhi mzee alikaa barazani, Tusajigwe akawa jikoni, mlango wazi. Ni hatua kumi, na kila mmoja anasikia kila neno. Hata hivyo Elizabeth alisimama katikati uani, maana ndiyo kazi yake.

"Muulize," mzee akasema, "asubuhi gari likiwa la baridi, gia ya pili ikigoma, anafanyaje?"

"Anauliza..."

"Nimesikia, mama. Mwambie baba, gia hailazimishwi. Unakanyaga klachi mara mbili, au unatoka ya kwanza unakwenda ya tatu mpaka oili ipate moto."

"Anasema..."

"Nimesikia," mzee akasema. "Muulize nani kamfundisha."

"Mwambie nimemsikia mwenyewe akifanya. Kila Jumamosi."

Elizabeth alitazama huku, akatazama kule. "Sasa mimi hapa nafanya nini? Si niende zangu shambani?"

"Kaa hapohapo. Mwambie Alfa haendi popote bila mimi. Mimi ndiye najua sauti yake. Kesho asubuhi, Matema na kurudi. Likirudi kwa miguu yake, hili gari lina dereva. Likirudi linavutwa, bwana Vitus alichukue na turubai lake."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Kwenye kiti."

"Na yeye?"

"Kwenye kiti."

"Na mimi nikiingia katikati yenu nitakalia gia?"

Hilo halikujibiwa mpaka jioni. Ndipo Elizabeth alipotoa kitenge chake cha kanisani, cha bluu, akafunga kamba kutoka kwenye kioo cha ndani mpaka kwenye chuma cha turubai nyuma, akakitundika. Kiligawa gari vyumba viwili. Mzee alikipapasa kwa mkono akaona kimefika chini.

"Na mkitaka kusema kitu?" Elizabeth akauliza.

"Tutamwambia Alfa," mzee akasema.

Jumamosi saa moja kasoro, mzee alikuwa bandani. Ardhi ya Bujonde ina maji karibu, ukiweka gunia chini linaota ukungu, kwa hiyo watu hutandaza pumba za mpunga na kuweka vitu juu yake. Mzee alilitandikia gari lake vilevile, pumba mpaka nusu ya goti, likalala juu yake kama kuku anayeatamia. Kila mara kabla ya kuwasha, hupangusa uso wa gari, penye rejeta, kwa ufagio wa chelewa, kwa sababu feni huvuta pumba. Siku hiyo pia alipangusa, kwa kupapasa. Kisha akaingia upande wa kulia, akafunga mlango, na Tusajigwe akatoka jikoni akaingia wa kushoto.

Aliwasha. Injini ilikohoa, ikashika. Akasubiri kama mzee alivyozoea kusubiri. Akaingiza ya kwanza, akatoka bandani, akaruka ya pili, akaingiza ya tatu. Walipofika mbali kidogo ndipo sauti kutoka upande wa pili wa kitenge ikasema, "Alfa, leo una mkono mwepesi."

Tusajigwe aliingiza ya nne.

Kyela mjini walipita watu bado wanafungua maduka. Ipinda ilikuwa siku ya gulio, na hapo ndipo kitenge kilipowaponza. Vijana wa bodaboda waliona gari jekundu, wakaona kitenge, wakaona mwanamke kwenye usukani.

"Oya, hilo gari lina chumba na sebule!"

"Dada, hicho chumba unapangisha?"

"Mzee, umefichwa nini? Unadaiwa?"

Mama mmoja mwenye tenga la nyanya alielewa kilichokuwa kinaendelea. Akapiga kigelegele, halafu akajiziba mdomo, hajui kama ni jambo la kigelegele au la.

"Alfa," mzee akasema, "hawa watu hawana kazi."

"Alfa," Tusajigwe akajibu, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza, "waache tu, wanapisha."

Baada ya Ipinda wakakutana na lori la ndizi. Lilikuwa limejaza mpaka juu, linakwenda mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Barabara ilikuwa lami nzuri na upana upo, ila Tusajigwe hakuweza kulipita. Yeye yuko kushoto, barabara inayokuja iko kulia, na kulia kuna kitenge. Zamani Elizabeth ndiye aliyekaa kiti hicho na kumwambia mzee, "Nyeupe, pita." Sasa aliyekaa hapo haoni. Basi wakabaki nyuma ya lori, gia ya pili, gia ya tatu, gia ya pili tena, wakivuta moshi wake.

Tusajigwe aliutazama mshale wa joto. Umepanda kidogo. Akatazama barabara. Akautazama tena. Umepanda zaidi.

"Alfa," akasema, "mshale wako unapanda."

"Alfa hachemshi," sauti ikasema. "Hajawahi kuchemsha tangu mwaka wa themanini na nane. Mlio wake ni uleule. Asisingiziwe."

Ni kweli mlio ulikuwa uleule. Yeye pia alikuwa na masikio. Lakini mshale ulikuwa unakwenda kwenye nyekundu, na yeye alikuwa na macho. Akisimama, amemkatalia baba mkwe wake maneno yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kupitia kwa mama. Asiposimama, injini inakufa hapa, wanavutwa mpaka nyumbani, na bwana Vitus anapakia. Alikwenda kama mita mia hivi akiwaza hayo. Kisha akawasha indiketa, akaingia pembeni, akazima.

"Nani kasimamisha gari?" mzee akauliza. Hakusema Alfa.

Tusajigwe alikuwa ameshashuka. Alifungua boneti akaweka ile fimbo yake ya kushikilia, na mvuke ukamjia usoni. Akainama kuchungulia kwa mbele. Juu rejeta ilikuwa safi, imepanguswa vizuri. Kuanzia katikati kwenda chini, mahali ambapo ufagio wa mtu anayepapasa haufiki, pumba zilikuwa zimejaa kwenye vitundu vyote, zimeshindiliwa kama tofali.

Akarudi kwenye upande wake wa pazia. Alitafuta namna ya kulisema.

"Alfa," akasema, "juu umepanguswa vizuri sana. Huku chini ndiko pumba zimebaki. Upepo hauingii."

Mlango wa kulia ukafunguka. Mzee akashuka, akashika gari kwa kiganja, akalifuata mpaka mbele, na Tusajigwe akazunguka kwa nyuma ili wasikutane. Mzee alipiga goti. Akaingiza vidole chini ya rejeta, akavirudisha haraka kwa moto, akaingiza tena. Akatoa pumba kiganja kizima, akazifikicha.

"Sikuona," akasema, kwa sauti ya mtu anayesema na nafsi yake.

Akainuka, akaenda kuketi pembeni kwenye majani, mgongo akiwapa watu na barabara. Hapo ndipo Tusajigwe alipopata nafasi ya kufanya kazi. Alichukua kijiti, akachokonoa tundu moja moja. Akaazima ndoo kwa mama aliyekuwa anaanika kakao kando ya barabara, akachota maji ya mfereji, akasubiri. Alikuwa hodari wa kusubiri.

"Alfa," mzee akasema bila kugeuka, "kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kabla hujapoa. Kinaunguza."

"Alfa, hata wabeba mpunga wa Ndandalo wanalijua hilo."

Mabega ya mzee yalitikisika. Tusajigwe hakujua kama ni hasira, mpaka aliposikia kicheko chenyewe, kifupi, cha puani.

Walikaa hapo karibu saa nzima. Maji yalipoingia na injini kuwashwa, mshale ulishuka ukakaa mahali pake. Lori la ndizi lilikuwa limeshakwenda, lakini barabara ya Matema haiishi malori. Tusajigwe alishika usukani, hakuondoka.

"Alfa," akasema, "hiki kitenge kinanifunga jicho la kulia. Nikikutana na lori lingine, ni yaleyale."

Pikipiki mbili zikapita. Kisha akaona kamba inacheza. Mzee alikuwa anafungua fundo upande wake, polepole, kwa kugusa. Kitenge kikaanguka juu ya gia. Mzee akakiokota, akakikunja mara nne, akakiweka magotini, na uso wake akaugeuzia dirishani.

"Alfa," akasema, "mimi nitatazama ziwa."

Hakuwa anaona ziwa wala mlima, wote wawili walijua. Tusajigwe alitazama barabara. Alikutana na lori la pili, akasogea kulia kidogo, akachungulia, akaona nyeupe, akakanyaga mafuta. Lile gari lilikuwa na nguvu ambazo Canter haikuwahi kumwonyesha. Lilikwenda kama kitu kilichokuwa kinaombwa siku nyingi ruhusa ya kwenda. Lori likabaki nyuma, kisha Noah mbili za abiria, kisha mtu mwenye baiskeli na mkungu wa ndizi aliyewapungia. Mzee alishika mlango kwa mkono mmoja.

"Ndaga fijo, Alfa," akasema, yaani asante sana, na wakaenda hivyo mpaka Matema.

Kule hawakukaa. Mzee alinawa uso ziwani, Tusajigwe akakaa upande wa pili wa gari akala mhogo wa kuchoma. Wakageuza. Kurudi, ziwa likawa upande wa dereva, kwa hiyo mzee akatazama milima.

Walipoingia Bujonde ilikuwa saa saba imepita. Lori la kubebea lilikuwa limeegeshwa chini ya michikichi, mbao zake za kupandishia gari zimeshashushwa. Bwana Vitus alikuwa barazani na sahani ya wali. Nelson alikuwa amesimama uani, mikono kiunoni. Alimwona mkewe kwenye usukani, akamwona baba yake kando yake, na kati yao hamna kitu.

Tusajigwe alizima, akashuka, akaenda moja kwa moja jikoni. Hata hivyo hakukaa mbali na dirisha.

"Baba," Nelson akasema, "hii ni nini sasa?"

"Ni gari. Limetoka Matema."

"Nimeliona. Lakini kukaa na mkamwana, hivi, wazi... watu watasemaje?"

"Wameshasema," Elizabeth akaingilia. "Ipinda nzima wamesema. Tangu saa tatu napigiwa simu. Mmoja kaniuliza kama mume wangu ameoa tena."

"Mama, mimi siko kwenye utani."

"Hata mimi siko. Kitenge changu cha kanisani kimekunjamana."

Mzee alikuwa amefika barazani kwa kufuata sauti. Alimpa bwana Vitus mkono, akamwomba radhi kwa safari. "Nilimwambia mwanangu kwenye simu," akasema. "Kama yupo wa kuliendesha, haliondoki. Yupo. Kula wali, kula na samaki, chukua na gunia la mchele umpelekee mama watoto. Gari linabaki."

"Nani ataliendesha, baba? Kila siku?" Nelson akauliza.

"Aliyeliendesha leo."

"Mimi sikukubali."

"Wewe ulisema litaoza," mzee akasema. "Lilikuwa linachemsha, nikasema halichemshi. Ningekuwa na dereva wa kunitii, sasa hivi ungekuwa unapakia chuma kibovu. Alisimama. Basi."

Nelson alitazama dirisha la jiko. Tusajigwe hakukwepa macho yake, maana huyo ni mume wake, mila haikatazi. Walitazamana hivyo, na Nelson ndiye aliyeanza kucheka, kidogo, akitikisa kichwa. "Otomatiki tu," akajisemea. Akaenda kumwambia dereva wa lori apandishe mbao zake.

Bwana Vitus alinawa mikono. Alikuwa mtu mstaarabu, lakini roho ilimuuma, ilionekana. Alilizunguka gari mara mbili. "Mzee," akasema, "mimi sichukui gari lenye dereva. Ila naomba nizungushwe. Mpaka lami tu na kurudi, nisiondoke hivihivi."

Mzee alisita, halafu akakubali kwa kichwa. Elizabeth akaita jikoni.

Kwa mgeni hakukuwa na mwiko wowote, kwa hiyo bwana Vitus aliongea njia nzima, akiuliza mwaka wa kabureta na nani anashona viti, na Tusajigwe akajibu yale anayoyajua. Alikwenda mpaka lami, akageuza, akarudi. Mzee hakukaa. Alisimama katikati ya ua muda wote huo, shingo imeelekea barabarani.

Gari liliingia, likazimwa. Bwana Vitus akashuka akiwa anacheka peke yake. Tusajigwe naye akashuka, akapita kando, uso ameuelekeza chini kama kawaida, anakwenda jikoni.

"Pale kona ya kanisani umeshuka gia mapema," mzee akasema.

Elizabeth alikuwa ameshafungua mdomo kuupeleka ujumbe. Akaufunga.

Tusajigwe alisimama. "Kulikuwa na ng'ombe, baba."

"Wa nani?"

"Wa kina Anyitike. Watatu, na ndama mbele."

"Huyo ndama hawajamfunga mpaka leo?"

"Hawajamfunga."

"Hapo sawa," mzee akasema, akapapasa ukuta, akaingia ndani kula.